Nimelipa elfu 50 kutembezwa mji wangu mwenyewe: ziara ya miguu ya Kampala ya zamani

Nianze na bei maana najua ndio mnataka kusikia kwanza. Elfu 50 kwa kichwa, tulikuwa wawili, shangazi akabembeleza mpaka ikawa elfu 80 kwa wote, na ndani yake kuna tiketi ya kupanda mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala pamoja na chupa ya maji. Kila mtu na chupa yake, maana mi nilishaanza kuogopa tutapewa moja tugawane.

Jina la kampuni siliweki. Ni vijana watatu tu, wana mwavuli mmoja, na nina malalamiko kadhaa humu ndani sasa sitaki mtu akawaharibie riziki kwa sababu ya mdomo wangu. Wanaotembeza watu Kampala kwa miguu siku hizi wapo wengi, haya ninayoandika yatawafaa hata mkienda na wengine, au mkienda wenyewe tu na viatu vyenu.

Mi ni mtu wa huku chini mjini. Nauza vifuniko vya simu kwenye arkedi, yale maghorofa yaliyojaa vijibanda, naita duka lakini ni kijibanda cha mita mbili kwa mbili, nalipa laki nane kwa mwezi na ukinyoosha mikono umegusa kuta zote. Miaka tisa napita mitaa hii kila siku asubuhi na jioni na sijawahi kuinua macho kupita mabango ya ghorofa ya kwanza, yani huku ukiinua macho ama boda inakugonga ama simu inaondoka. Aliyetaka ziara ni shangazi. Ana miaka 70, alisikia kwa mtoto wa jirani kwamba kuna watu wanalipwa kuonyesha watu mitaa ya zamani, akasema hiyo mitaa mimi ndio niliitembea, twende nikaone kama wanaijua.

Na alikwenda kweli kuwapima. Nyumbani kwetu Kiswahili ndio lugha ya mezani, babu alikuwa keya, yani askari wa KAR wa Mwingereza, baba akaingia polisi, mama yake shangazi Mnubi wa Bombo, kwa hiyo mtaani tunaitwa watu wa kambini na Watanzania wakitusikia wanacheka. Kiingereza cha shangazi nacho ni cha kambini hivyo hivyo. Neno la Kiingereza la mtembeza wageni yeye akilitamka linatoka "gaidi". Sasa fikirieni mama mzima amesimama getini kwa msikiti wa taifa, penye walinzi, anauliza kwa sauti "gaidi wetu amefika?" Nilimvuta pembeni mwenyewe nikacheka mpaka nikakaa chini.

Gaidi hakuwa amefika. Tuliambiwa saa mbili kamili, akatokea saa tatu kasoro dakika kumi, akasema jam. Jumapili asubuhi, jam gani? Hilo lalamiko la kwanza.

Tulikuwa sita, sisi wawili, mke na mume kutoka Kenya na Wazungu wawili. Kijana ni mchangamfu, anaongea Kiingereza na Kiswahili na Kiganda kwa zamu bila kuchanganya, hapo nampa heko. Mnarani wanawake tunapewa lesu na kitambaa cha kichwa mlangoni, ukija umevaa vizuri mwenyewe hamna shida. Ngazi ni zaidi ya 300. Shangazi aliangalia juu mara moja akasema yeye atatuombea dua akiwa chini, akakaa kivulini na mwanamke wa mlangoni wakaanza kuulizana ukoo.

Jamani pandeni huo mnara. Hata kama hamlipii ziara yoyote, nendeni mlipe tiketi ya mnara peke yake mpande. Ukifika juu mji wote umekuzunguka, Namirembe na kanisa lake, Rubaga na lake, Kibuli na msikiti wake, Makerere, Mulago, Kololo, Nakasero, na wewe umesimama juu ya kilima chenyewe kilichoupa mji jina. Kijana alieleza vizuri kwamba hapa palikuwa malisho ya swala (empala) wa Kabaka, mfalme wa Buganda, Waganda wakawa wanasema "kasozi k'empala", kilima cha swala, na Waingereza walipokuja wakachukua kipande cha mwisho tu. Hilo nililijua toka shule. Nilichokuwa sijui ni jinsi mitaa inavyoonekana ukiwa juu. Vioo vya buluu vya maarkedi vimejaa bondeni mpaka kwenye paki za teksi, na katikati yake unaona kipaa cha vigae vyekundu, halafu mbali kidogo kingine, halafu mabati yenye kutu ya kahawia kabisa, vimebaki kama meno ya bibi. Nilijaribu kutafuta arkedi yangu nikaiona. Nikaanza kuhesabu vipaa vya zamani vilivyobaki karibu nayo, nikapata vitatu.

Pale chini ya mnara kuna habari ya ngome ya Lugard, yule kapteni Mwingereza, na hapa kijana alipita mbio wakati ndipo penyewe. Alisema Lugard alifika 1900. Hapana bana. Lugard alipiga kambi kilima hiki Desemba 1890, hiyo 1900 ni mwaka wa mkataba wa Buganda na Waingereza, vitu viwili tofauti kabisa na mtu unayelipwa kusema historia usichanganye. Na hakusema kwamba makumbusho ya Uganda yalianzia humo humo ngomeni mwaka 1908, watu wakapaita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya mahirizi, kwa sababu wakoloni walijaza humo vitu vya dini za kienyeji. Baadaye makumbusho yakahamahama mpaka yakapata jengo lake Kitante 1954. Na jengo la Kitante nalo likaponea chupuchupu, 2011 serikali ilikuwa inataka kiwanja hicho kiwe na mnara wa biashara wa ghorofa 60, watu wa urithi wakaenda mahakamani, na makumbusho bado yapo. Ghorofa 60 hazijaonekana.

Ngome yenyewe ilivunjwa msikiti ulipojengwa, wakatengeneza mfano wake pembeni. Msikiti huu alianza kuujenga Amin miaka ya sabini ukasimama miaka mingi, Gaddafi akaja kuumalizia, ukafunguliwa 2007. Mke wa Mkenya akauliza, si ni vibaya kuvunja ngome ya zamani hivyo? Kijana akasema afadhali, ilikuwa ya mkoloni. Mi nilikuwa naitikia kwa kichwa, mara shangazi akaingilia: "Mwanangu, hiyo ngome si ya Lugard peke yake. Unadhani alilala na kuilinda yeye mwenyewe? Waliolinda ni watu wa mama yangu." Na ni kweli, askari Wasudani wa Emin Pasha, yule aliyekuwa gavana wa Equatoria huko kusini mwa Sudani, waliochukuliwa na Lugard 1891 ndio mwanzo wa Wanubi wengi wa Uganda, na kilima hiki ni cha kwanza kwao. Kijana akasema pole mama, hilo sikulijua. Shangazi akasema andika. Akatoa simu akaandika kweli! Kwa hilo nikamsamehe saa yake ya kuchelewa.

Haya tukateremka mitaani. Sijui niielezeje sehemu hii maana ndio iliyonifanya niandike haya yote.

Mnayajua maduka ya Kihindi ya zamani, mmeyapita mara elfu. Ngazi mbili tatu kutoka barabarani, baraza ndefu yenye nguzo, milango ya mbao ya kukunja, juu roshani, na juu kabisa kwenye kipaji cha uso wa nyumba wamechonga mwaka na wakati mwingine jina la ukoo. Kijana alituambia tutembee tukiangalia juu tu, yeye ataangalia boda kwa niaba yetu. Kwa mara ya kwanza nikaona vitu vilivyo juu ya kichwa changu kila siku. Maua ya saruji. Madirisha ya duara kama ya meli. Kona za nyumba zilizopindwa taratibu kama mkate, mtindo wa miaka ya thelathini na arobaini, chini yake kuna bango la huduma ya pesa kwa simu limefunika nusu ya uso.

Tukafika kwenye nyumba moja barazani kuna mzee fundi cherehani. Kijana akaanza kueleza na Wazungu wakainua kamera moja kwa moja usoni kwa mzee wa watu, hakuna aliyemsalimia. Hilo lalamiko la pili na ndilo kubwa. Shangazi akasimama mbele ya kamera, makusudi, akamwambia "Asalaam aleikum mzee, habari za kazi, samahani hawa watoto hawana adabu." Mzee akacheka, akaitikia, wakaongea kidogo kumbe wote wanajua mtu fulani wa Bombo aliyekufa zamani, basi mlango ukafunguliwa. Bila shangazi tungeona baraza tu tukaondoka.

Ndani ni dunia nyingine jamani. Duka mbele, ukipita kuna ua wazi katikati, vyumba vimeuzunguka, jiko upande wa nyuma, na ngazi ya mti wa mvule inapanda juu ambapo familia ilikuwa inalala. Ngazi ile imekanyagwa mpaka katikati imeingia ndani kama kijiko lakini haitikisiki. Dari iko juu sana, karibu na dari kuna vitundu vya hewa vimepangwa kama lesi, na saa hiyo ni saa tano jua linawaka nje lakini ndani baridi, hakuna feni. Nilifikiria kijibanda changu ambacho saa tano nishalowa jasho na feni inapuliza. Vyumba vya familia sasa ni stoo za mafurushi ya mitumba. Uani kuna wamama wawili wanapika, kikomando (chapati ya kukatwakatwa na maharage) na chai, tukanunua. Kikomando cha elfu mbili kitamu kuliko chakula chochote tulichoonyeshwa siku hiyo.

Shangazi akakaa kwenye ngazi ile akaanza. Mwaka 1972 alikuwa na miaka 17, walikuwa wakija mjini kununua vitambaa kwenye maduka kama haya, anasema ulikuwa ukiingia mwenye duka anakujua mpaka jina la mama yako na daftari la deni lako lipo. Agosti Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Watu wakishangilia, na shangazi hakuficha, akasema hata sisi tulishangilia, tulidhani sasa mambo yetu. Halafu maduka yakagawiwa, wengi wa wanajeshi na marafiki zao, na anasema alimwona kwa macho yake mwenye duka mpya anauza shati kwa namba ya kola, ameona imeandikwa 15 akajua ndio bei. Bidhaa zikaisha, hakujua zilikuwa zinaagizwa wapi. Rafu tupu. "Mlango ukabaki wazi hivyo mpaka ng'ombe angeweza kuingia," akasema. Kijana wetu alikuwa kimya kabisa, Wazungu wakimuomba atafsiri, akawa anatafsiri yeye, shangazi sasa ndio mtembeza.

Nikamuuliza mzee fundi nyumba hii ya nani. Akaniambia: "Mwenye nyumba simjui. Namjua anayetoza kodi." Yuko pale tangu 1988. Paa linavuja, yeye mwenyewe ndio anapanda kuziba kwa lami kila mwaka kabla ya masika, hakuna aliyemtuma na hakuna anayemrudishia hela ya lami. Nyumba zilizoachwa na Waasia ziliwekwa chini ya bodi ya serikali, baadaye sheria ya 1982 ikaruhusu wenyewe kuzidai, wengi wakarudishiwa miaka ya tisini, wengine wakauza hapo hapo maana maisha yao yalishahamia Leicester au Toronto, na zingine umiliki wake mpaka leo ni kesi. Sasa nyumba ya namna hiyo nani ataitengeneza? Mpangaji anajua anaweza kutolewa kesho, mtoza kodi kazi yake kutoza, na mwenye hati ya ardhi anasubiri nyumba ianguke yenyewe ili kibali cha arkedi kisiwe na maneno.

Hapo ndipo nikakumbuka Kasubi. Makaburi ya Kasubi yaliungua usiku wa 16 Machi 2010, nyumba kubwa ile iliyojengwa 1882 enzi za Muteesa wa kwanza, wamelazwa makabaka wanne humo, urithi wa dunia wa UNESCO toka 2001. Mji mzima ulilia. Na imesimama tena. Imechukua muda, wamegombana sana, lakini Septemba 2023 UNESCO wakaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kwa nini imesimama? Hela zilichangwa, kweli, Katikkiro Mayiga, waziri mkuu wa Buganda, alizunguka na ile kampeni ya michango ya Ettofaali kuanzia 2013 hata sisi tusio Waganda tulitoa, lakini hela peke yake haiezeki. Ukoo wa Ngeye ndio wenye kazi ya kuezeka, toka zamani, mtoto wa Ngeye anazaliwa kazi hiyo inamsubiri. Pete za ndani ya paa ni 52 kwa hesabu ya koo za Buganda, kwa hiyo kila Muganda akiangalia juu anaona pake. Ile nyumba ina watu ambao kuitengeneza ni kazi yao ya ukoo na wasipoitengeneza ni aibu yao. Nyumba ya mzee fundi ina debe la lami.

Na sheria nayo haikuisaidia. Sheria ya kumbukumbu za kihistoria ya 1967 ililinda kile kilichotangazwa rasmi, kaburi, ngome, mahali pa mashujaa, haikuwa na habari na mtaa wa maduka. Mtaa ni kitu cha watu wengi, huwezi kuuwekea kibao kimoja na mlinzi mmoja. Niliporudi nyumbani nilisoma kidogo nikakuta Singapore, mji wa maghorofa kuliko sisi mara ngapi sijui, wana maduka ya aina hii hii, duka chini makao juu na baraza mbele, wakaanza kuyatangaza mtaa kwa mtaa mwaka 1989 na leo majengo yaliyohifadhiwa ni zaidi ya 7,000, mwenye nyumba anaruhusiwa kufanya biashara ndani, hoteli, ofisi, baa, lakini uso wa nyumba na paa haugusi hovyo. Sisemi tuwe Singapore. Nasema tu kwamba ghorofa na nyumba ya zamani vinaweza kukaa mji mmoja. Na msidhani pia cheti kinatosha, Mji Mkongwe wa Zanzibar uko UNESCO tangu 2000 na Beit al Ajaib, lile jumba la masultani, iliporomoka sehemu Desemba 2020 na cheti chake. Paa ni paa, linataka fundi.

Upande mwingine wa ubishi ni mimi mwenyewe, acheni niseme. Arkedi yangu imekaa kwenye kiwanja kilichokuwa na nyumba kama ile. Wazee wa pale wananiambia palikuwa na duka la baiskeli. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji watatu wanne, leo humo tuko mamia, kila mmoja na watoto shule. Mwenye kiwanja akipiga hesabu za kodi ya vijibanda, unamwambia nini kuhusu maua ya saruji? Kwa hiyo mtu akija kuniambia arkedi zote zibomolewe simwelewi. Lakini mtu akiniambia zile tatu nilizohesabu toka mnarani ziachwe, na mwenye nyumba apunguziwe kodi ya jiji ili aweke paa, huyo namwelewa vizuri sana.

Ziara ikaendelea, tukakatiza paki ya teksi, hapo shikeni mikoba, mpaka upande wa Nakasero. Soko la Nakasero pazuri kama kawaida, yale majengo ya zamani ya soko bado yanafanya kazi ile ile ya kuuza matunda, ndiyo maana yamebaki nadhani. Kijana alitupa nafasi ya kununua nanasi. Sina zaidi.

Lakini mtaa wa Snay Bin Amir, hapo tena nilisimama. Ndio penye hekalu la Wahindu lenye minara ya kuchongwa. Kwanza nilijua jina la mtaa miaka yote na sikuwahi kujiuliza ni nani. Kijana akaniambia alikuwa Mwarabu mfanyabiashara aliyefika kwa Kabaka Suuna mwaka 1852, makao yake yalikuwa Kazeh, Tabora ya leo. Yani watu wa misafara ya pembe waliokuja na kaniki, na Kiswahili chao, walikuwa kwenye baraza la Kabaka miaka 38 kabla ya Lugard kupanda kile kilima. Mi niliyetaniwa maisha yangu yote kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi, nauza vifuniko vyangu kwa Kiganda ili nisidharauliwe, nikasimama chini ya kibao cha mtaa nikapiga picha kama mtalii. Hekaluni ukivua viatu unaingia, mlezi wa pale mpole sana, alitueleza jengo lote limejengwa bila nondo, jiwe juu ya jiwe. Na limetunzwa! Limeoshwa, limepakwa, maua mapya. Pana watu wanaosali, basi pana watu wanaofagia. Ni kama ile sinema ya zamani ya Norman iliyogeuka kanisa linaloitwa Watoto, ilikaa miaka mingi kwa sababu kila Jumapili ilikuwa na watu.

Mvua ikatukuta kabla ya stesheni ya reli. Mwavuli mmoja watu sita. Reli ilifika Kampala 1931, tulisikia hayo tukiwa tumejibana chini ya baraza ya zamani, nikagundua arkedi hazina baraza, ukinyeshewa nje ya arkedi umenyeshewa. Stesheni tuliiona kwa mbali, ikawa imeisha. Nilitaka nusu ya saa pale, sikurudishiwa chochote, basi mvua ya Mungu siilaumu, lakini miavuli ni elfu kumi na tano tu jamani nunueni.

Lalamiko la tatu nililisema mbele ya kijana kwa hiyo si umbea. Katika ile elfu 80 yetu, na sijui Wazungu walilipa ngapi, mzee fundi alipata sifuri. Wamama wa uani walipata hela ya kikomando kwa sababu tulikuwa na njaa. Msikiti wana tiketi, sawa, hela inaingia kwao, nao mnara wanautunza. Nyumba ya mzee ndio sehemu bora ya ziara nzima na haimo hata kwenye ratiba yao, tuliingia kwa mdomo wa shangazi. Nikamwambia kijana, muwekeeni mzee elfu tano kwa kila kikundi, atanunua lami. Akasema atapeleka kwa wenzake. Shangazi akamwangalia tu.

Nyota ninawapa tatu na nusu. Mnara na Snay Bin Amir peke yake ni nne, kwa kuchelewa na kamera usoni kwa watu wamejipunguzia wenyewe hiyo nusu. Hakuna choo njiani isipokuwa msikitini mwanzoni, kumbukeni hilo sana mkija na wazee. Nendeni Jumapili maana siku za kazi mtaa haupitiki, viatu vya kufunika, hela ndogo ndogo mfukoni, na mkifika kwa mzee fundi salimuni kabla ya chochote. Anakaa baraza ya kushoto ukiteremka, cherehani nyeusi. Shangazi amempelekea gauni la kupunguza mikono, anasema liko tayari Alhamisi, kwa hiyo wiki hii tunarudi bila gaidi.